Siku Diski ya Pamoja Ilipoua Watu Hai

Nianze kwa kukiri kwamba mimi ni mtu mwenye majivuno. Mama yangu, kule Mitundu, aliliona hilo nikiwa darasa la tatu, akasema kichwa changu ama kitanifikisha mbali ama kitanifikisha pabaya. Kilinifikisha Singida mjini, kwenye chumba kidogo chenye baridi nyuma ya maabara ya hospitali, ambako mimi ndiye fundi wa seva. Zamani chumba hicho kilikuwa stoo ya magodoro. Sasa kina kabati moja la chuma linalonguruma kutwa kucha, na ndani yake mna faili la kila mgonjwa aliyepita mikononi mwetu tangu tuachane na makaratasi.

Hoja ya kuachana na makaratasi ilikuwa yangu. Nilisimama kwenye kikao, binti mdogo kuliko wote mle ndani, nikasema faili la kompyuta haliliwi na mchwa, halipotei njiani kati ya mapokezi na wodi, wala halisomeki vibaya kwa sababu ya mwandiko wa daktari. Madaktari wakacheka, hoja ikapita. Bosi wangu, mkuu wa kitengo cha TEHAMA, alinitetea kikaoni kwa nguvu zake zote. Tulipotoka nje alinivuta pembeni.

"Sikiliza, mwanangu," akaniambia. "Siku faili la mgonjwa mmoja tu litakapoharibika kwa mkono wetu, makaratasi yanarudi. Na sisi wawili tunarudi kwetu, mimi Iramba, wewe Mitundu."

Nilicheka. Yeye hakucheka, na nilipaswa kuliona hilo.

Niwaeleze kidogo kuhusu lile kabati, maana bila hivyo hamtaelewa nilivyojichongea. Ndani yake mna kompyuta mbili zisizo na mwili. Ukifungua mlango hutaziona, kwa kuwa zinaazima nguvu za chuma kimoja na kugawana. Mafundi tunaziita mashine pepe. Ya kwanza inahudumia mapokezi na dirisha la dawa. Ya pili inahudumia wodi na maabara. Zote mbili zinaandika kwenye diski moja ya pamoja, na hiyo diski ndiyo yenye faili za wagonjwa. Tulipanga hivyo makusudi, ili mashine moja ikizimika nyingine iendelee na kazi. Ni kama wapishi wawili kwenye jiko moja: hawagombani, kwa sababu kila mmoja anajua mwenzake ameshika sufuria ipi.

Raha ya mashine pepe ni kwamba unaweza kuipiga picha. Si picha ya kutazama. Ni hali yake yote ya dakika ile, iliyohifadhiwa, ili ukija kuharibu kitu uirudishe ilivyokuwa. Bosi wangu aliipenda picha kuliko kitu chochote katika kazi yetu. Huwezi kubadilisha hata rangi ya maandishi bila yeye kuuliza, "Umepiga picha?" Lakini diski ya pamoja haimo kwenye picha. Tuliitenga. Ukiipiga picha kutokea mashine moja wakati nyingine bado inaandika, unachopata ni ukurasa uliokatikia katikati ya neno. Nilimweleza bosi jambo hilo mara mbili, naye mara zote mbili alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza tangazo la redio la mkoa mwingine.

Kwa hiyo kwenye hilo mimi nilikuwa mjuzi. Kosa langu lilipitia mlango wa pili.

Walikuwepo wauguzi kumi na mmoja ambao hawakuwa wamefundishwa mfumo mpya, wengi wao watu wazima wa siku nyingi kazini. Nikataka wawe na uwanja wa kufanyia mazoezi, mahali ambapo wakikosea hakuna anayeumia. Ijumaa mchana, baada ya kuzipiga picha mashine zote mbili, nikaamua kutengeneza pacha wa mashine ya kwanza. Unaiambia seva: chukua mashine hii, nitolee nyingine kama hii hii. Nikabonyeza, nikabonyeza tena, maswali iliyoniuliza nikayapita haraka haraka kama mtu anayesaini fomu za benki. Baada ya dakika sita pacha alikuwa amezaliwa. Nikambadilishia jina na anwani, nikamwasha, nikafungua ukurasa wa wagonjwa, na wote walikuwemo. Nilipiga makofi peke yangu mle chumbani, kisha nikamzima hadi Jumatatu.

Sasa fikirini. Diski ya wagonjwa peke yake, kuinakili, inachukua saa mbili na nusu. Pacha wangu alimaliza kwa dakika sita. Mtu mwenye akili zake angejiuliza zile faili zimewahi vipi kufika. Mimi sikujiuliza, nilikuwa na shughuli ya kujisifu. Ukweli ni kwamba pacha hakupewa diski yake. Alipewa njia ya kwenda kwenye diski ile ile ya pamoja, ya wagonjwa wa kweli. Jikoni akaingia mpishi wa tatu, tena amevaa aproni ya mpishi wa kwanza, na wenzake hawana habari.

Jumatatu saa mbili asubuhi wanafunzi wangu walikuwa wameketi kwenye ukumbi mdogo wa mikutano, kila mmoja na kompyuta yake. Mbele kabisa aliketi muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, mama wa Unyambwa aliyebakiza miezi michache kustaafu. Nusu ya watu wazima wa mjini wanasema aliwapokea yeye walipozaliwa. Tulimpa shikamoo mmoja mmoja, akaitikia marahaba kumi na moja bila kuruka hata moja, kisha akavaa miwani.

"Haya, mwalimu," akaniambia. "Tufundishe kabla uzee haujanishinda."

Walijifunza vizuri, vizuri kuliko nilivyotegemea. Zoezi la mwisho lilikuwa gumu kidogo: fungua faili, badilisha sehemu ya dawa inayomdhuru mgonjwa, kisha funga faili kwa kuandika kwamba mgonjwa amefariki.

"Chagueni mgonjwa yeyote," nikawaambia. "Hii ni mashine ya mazoezi tu, haina madhara."

Yule mama akavua miwani. "Mgonjwa yeyote, nimwandikie kifo?"

"Ndiyo, mama. Ni mchezo tu."

"Huyu hapa ni mzee wa Mwankoko, jana nimemwona kanisani anaimba. Leo nimwandike marehemu?" Akageuka kuwatazama wenzake. "Huo ni uchuro, jamani. Mtu anapumua huko kwake, mimi huku namzika."

"Mama, siyo kweli. Ni kompyuta tu."

"Kompyuta imeandika jina lake la kweli. Na la baba yake."

Nilikuwa na haraka ya chai. Nikamwambia basi achague jina lolote lisilomsumbua. Akafikiri kidogo, akavaa miwani, akaandika jina lake mwenyewe. Alikuwa na faili kwetu, maana ni mgonjwa wa presha. Akajiandikia dawa inayomdhuru, akajiandikia kifo, akabonyeza.

"Huu uchuro niubebe mwenyewe," akasema. "Mimi na kifo tunajuana, tumefanya kazi wodi moja miaka mingi."

Tukacheka wote. Nilirudi kwenye meza yangu kufunga vitabu, wengine wakamalizia zoezi, na saa nne kamili nikawaaga kwa hotuba fupi ambayo sasa hivi nikiikumbuka naona aibu. Niliwaambia kwamba hata wangevuruga vipi mle ndani, hakuna mgonjwa ambaye angejua.

Nusu saa baadaye simu ya mezani ikalia. Alikuwa binti wa dirisha la dawa.

"Dada, njoo. Mama wa wodi ya wazazi yuko hapa, amekuja kuchukua dawa zake za presha."

"Sasa?"

"Mfumo unakataa. Unasema amefariki leo saa tatu na nusu."

Sijui niliwekaje simu chini. Kwa sekunde moja niliiona picha nzima: dakika sita, faili zilizowahi kufika, makofi niliyojipigia. Watu kumi na mmoja walikuwa wameandika vifo na kubadilisha dawa kwenye faili za kweli, na mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia wachague yeyote. Asubuhi hiyo hiyo wagonjwa halisi walikuwa kwenye foleni, na daktari yeyote aliyefungua faili aliamini anachosoma. Kama mtu alikuwa amefutiwa dawa inayomdhuru, angeweza kudungwa dawa hiyo hiyo.

Nilikimbia hadi chumba cha seva nikamzima pacha papo hapo, bila kumuaga. Kisha nikapiga simu wodi zote na madirisha yote: msifungue faili, andikeni kwenye karatasi, dawa zote muulizeni mgonjwa au ndugu zake kwanza. Neno karatasi lilinitoka kooni kama mwiba wa samaki. Baada ya hapo nikakaa chini kumsubiri bosi.

Bosi akaingia akiwa na yule mama nyuma yake. Habari alikuwa ameshaipata koridoni. Hakupaza sauti, ningefurahi kama angepaza.

"Tuna picha ya Ijumaa?" akauliza.

"Ipo, mzee, lakini…"

"Irudishe."

"Mzee, picha ile haina diski ya wagonjwa."

"Nimesema irudishe. Kila siku nakwambia piga picha, leo ndiyo siku yake."

Niwaambie kwa nini mikono yangu ilikataa. Kama ningeirudisha picha, mashine zote mbili zingeamka zikidhani bado ni Ijumaa. Diski yenyewe ingebaki Jumatatu. Mashine zingeanza kuandika kwenye kurasa ambazo kwa kumbukumbu zao za Ijumaa zilikuwa tupu, kumbe Jumamosi na Jumapili zimeshajazwa na watu waliozaliwa, waliopimwa, waliolazwa. Uharibifu wa asubuhi ile ulikuwa wa watu kumi na mmoja wenye kompyuta. Uharibifu wa kurudisha picha ungekuwa wa hospitali nzima, na usingekuwa na dawa.

Hayo yote niliyajua. Lakini aliyesimama mbele yangu alikuwa mtu wa umri wa baba yangu, mkubwa wangu wa kazi, aliyenitetea kikaoni, na mkosaji nilikuwa mimi. Kwetu mtoto hasemi "hapana" usoni kwa mzee, tena mbele ya mtu mwingine. Nilifungua mdomo mara mbili, sauti haikutoka. Nikafanya jambo ambalo nimeliona likifanyika nyumbani tangu utoto. Nikamgeukia yule mama.

"Mama," nikasema, "naomba unisaidie kusema na mzee. Akirudisha picha, wagonjwa wote wanapotea. Naomba anipe hadi saa tisa alasiri. Kosa ni langu na silikimbii, lakini hiyo picha haitatuokoa."

Bosi alikuwa hajamsalimia bado, kwa kiwewe. Yule mama akamtazama tu, akasubiri. Bosi akatambua, akashusha mabega.

"Shikamoo, dada," akasema. Mama yule alisoma na dada yake wa kwanza.

"Marahaba, mdogo wangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Sasa nisikilize. Aliyekufa ni mimi. Kama marehemu mwenyewe hana haraka, wewe unakimbilia wapi? Mpe mtoto hadi saa tisa."

Bosi akatazama saa, akanitazama mimi, akavuta kiti.

"Saa tisa," akasema. "Na ukikuta mgonjwa mmoja, hata mmoja tu, ameguswa, mimi mwenyewe nitakwenda kumwambia daktari mkuu."

Nikaanza kazi. Kwanza nilizizima mashine zote mbili taratibu, moja baada ya nyingine, kila moja ikimaliza kuandika ilichoanza. Kisha nikaichomoa diski ya pamoja kutoka kwa wote, isiwe na mwenyewe, nikainakili nzima ikiwa imetulia. Hivyo ndivyo nilivyotakiwa kufanya Ijumaa: zima, chomoa, nakili, mpe pacha nakala yake, kisha mrudishie kila mmoja chake. Saa mbili na nusu nilizozikwepa siku ile nilizilipa zote, nikitazama mstari wa kijani ukitambaa kwenye skrini kama kinyonga. Bosi hakutoka. Alikaa kwenye kile kiti akila karanga moja moja, bila kunikaribisha.

Nakala ilipokamilika nikaendesha programu ya kukagua kama diski imeumia. Hofu yangu kubwa ilikuwa hapa, maana pacha nilimbadilishia jina lakini ile namba ambayo diski inamtambua nayo niliiacha ileile. Kwa zaidi ya saa mbili asubuhi ile mashine mbili zilikuwa zimeingia kwa kitambulisho kimoja. Programu ikapita, ikasimama. Ilikuwa imekuta kurasa mbili ambazo mashine zote zilijitwalia kwa wakati mmoja. Nikazifungua. Zote mbili zilikuwa tupu.

"Diski ni nzima, mzee," nikasema.

"Na wagonjwa?"

Ndipo nikachukua bakapu ya Jumapili jioni, ile nakala ya akiba ya faili za wagonjwa inayotolewa kila siku, nikailinganisha na diski faili kwa faili. Yaliyokuwa yamebadilika tangu Jumapili yalikuwa mia moja na arobaini na tatu. Mengi yalikuwa ya halali, watu waliotibiwa asubuhi ile. Lakini yapi? Kutafuta walioandikwa marehemu peke yao hakungetosha, maana mwanafunzi angeweza kubadilisha dawa kwenye faili moja, kifo akakiandika kwenye jingine. Kwa sababu ya kile kitambulisho kimoja, mfumo haukuweza kuniambia yupi aliandikwa dirishani na yupi aliandikwa ukumbini kwangu. Nilikuwa na orodha ya majina bila njia ya kuyachambua, na ilikuwa imeshafika saa saba na nusu. Hapo ndipo niliposikia machozi yanakuja. Niliyazuia, kwa majivuno tu.

Yule mama alikuwa amerudi kuona marehemu wake anaendeleaje. Akasoma orodha kwa miwani, akauliza kwa nini nisimuulize mlinzi.

Mlinzi wa geti letu ana daftari. Ni daftari la kawaida la shule, na kila anayeingia anaandikwa jina, anakotoka na saa, awe mgonjwa, awe mtu anayeleta uji. Miezi yote nilikuwa nalicheka lile daftari. Nilikuwa nimeandika hata pendekezo la kuliondoa. Nikalifuata mwenyewe getini, nikamsalimia mlinzi kwa adabu ambayo sikuwa nimewahi kumpa, nikarudi nalo nimelikumbatia.

Tukakaa watatu. Mama alisoma daftari, bosi alitafuta kwenye orodha, mimi nikafuta. Kijana wa Mwankoko, aliingia saa mbili na dakika kumi, futa. Mama na mtoto kutoka Unyambwa, futa. Mzee aliyetoka Mitundu na basi la alfajiri, futa, na hapo niliomba kimoyomoyo kwamba awe mzima. Waliolazwa tuliwathibitisha na wodi kwa simu. Orodha ilizidi kupungua. Arobaini. Ishirini na tano. Kumi na tano. Kila jina lililobaki lilikuwa mtu ambaye hakuja hospitali siku ile na bado faili lake lilikuwa limebadilika, na kila mmoja wao angekuwa mgonjwa niliyemwandikia kifo nyumbani kwake.

Yakabaki kumi na moja. Mlinzi hawaandiki wafanyakazi, lakini hilo halikunijia kichwani hata kidogo. Bosi akasukuma orodha kwangu.

"Soma," akasema.

La kwanza lilikuwa la yule mama, nililijua. Nikasoma la pili. Nikasita. Nikasoma la tatu, kisha yote hadi mwisho bila kupumua, halafu nikarudia tena kwa sauti kubwa kwa sababu sikuamini macho yangu. Muuguzi wa wodi ya watoto. Muuguzi wa macho. Wale wawili wa chumba cha upasuaji. Wote walikuwa wanafunzi wangu, kila mmoja kwenye faili lake mwenyewe. Hapakuwa na mgonjwa hata mmoja. Hapakuwa na mtu wa nje aliyeguswa hata herufi moja ya jina lake.

Nilimtazama yule mama. Akainua mabega.

"Nilisema ni uchuro," akasema. "Ulidhani wangenisikia halafu waende kumzika mtoto wa watu?"

Nilipiga ukelele. Si vigelegele, ule ulikuwa ukelele wa mtu aliyeona mvua. Nilimkumbatia yule mama na miwani yake ikaanguka. Bosi alisimama, akakaa, akasimama tena, kisha akanisukumia karanga zilizobaki. Nilizila zote. Saa ilikuwa nane na nusu.

Kabla ya saa tisa mashine zote mbili zilikuwa zimewashwa, diski imerudi mahali pake, na wodi zikaanza kupiga simu kusema mfumo umeamka. Pacha nilimfuta kabisa. Wiki iliyofuata nilimtengeneza mwingine, mwenye diski yake mwenyewe, yenye wagonjwa wa kubuni niliowapa majina ya mboga na nafaka. Na bosi siku hizi, kabla sijagusa kitu, anauliza mambo mawili. La picha lipo bado, lakini la kwanza ni kama nimechomoa diski.

Ilibaki kuwarudisha waliokufa. Mfumo wetu haukubali mtu afufuke kimya kimya. Kila aliyeandikwa marehemu kimakosa lazima aje mwenyewe, fundi aandike sababu, na mkubwa mmoja athibitishe kwa jina lake. Kumbukumbu hiyo haifutiki, inabaki kwenye faili lake maisha yote. Basi wakaja, kumi na mmoja wote, wamejipanga kwenye korido nje ya chumba changu, wanacheka mpaka wagonjwa wakawa wanachungulia. Nikafungua mafaili. Kwenye sehemu ya dawa inayomdhuru, mmoja alikuwa amejiandikia sauti ya mume wake. Mwingine, Mnyaturu halisi, alijiandikia kwamba mlenda, mboga ya kila siku ya Wanyaturu, unamdhuru, na wenzake wakasema hilo peke yake lingetosha kuonyesha kwamba faili ni la uongo.

Nilipofika kwenye sehemu ya sababu, bosi aliinama karibu na sikio langu.

"Andika hitilafu ya umeme," akanong'ona. "Hakuna atakayeuliza. Kila mtu anaandika hivyo."

Alikuwa ananitetea tena, kama siku ile ya kikao, na nilimpenda kwa hilo. Umeme umeshabeba makosa ya mafundi wengi kuliko nguzo zake. Lakini mbele yangu alisimama mwanamke aliyekubali kufa yeye ili mzee wa Mwankoko asiguswe, na nyuma yake kumi wengine waliofanya hivyo hivyo, wakati mimi niliyesoma ndiye niliyewaambia wachague yeyote. Sikuweza kuandika umeme.

"Hapana, mzee," nikasema. Nililisema moja kwa moja, usoni, na sauti ilitoka.

Nikaandika: Yupo hai. Kosa la fundi, aliunganisha mashine ya mazoezi kwenye diski ya wagonjwa. Na majina yangu, yote matatu. Bosi alisoma polepole. Kisha akavuta kibodi kwake, akaandika jina lake chini ya langu kwa vidole viwili, akathibitisha. Tulifanya hivyo mara kumi na moja, na kila jina lilipogeuka kutoka jekundu kuwa la kijani korido nzima ilipiga vigelegele. Nimewahi kupata vyeti viwili maishani mwangu, na sikuwahi kujisikia kama nilivyojisikia pale, nikiandika kosa langu kwa mara ya kumi na moja.

Yule mama alikuwa wa mwisho, alitaka wadogo wafufuke kwanza. Jina lake lilipogeuka kijani alivaa miwani, akalihakiki, akaiweka sawa kofia yake ya kazi.

"Haya, marehemu wenzangu," akawaambia. "Twendeni, wagonjwa wanasubiri."

Wakaondoka wote kumi na mmoja, wakisukumana na kucheka, kurudi wodini.